Kipimo cha rangi cha polisi wa barabarani hakitoshi kumtia mtu hatiani: jibu kwa dada ambaye mdogo wake yuko jela Texas

Dada, nimesoma maelezo yako mara tatu kabla ya kuanza kuandika, kwa sababu yaliyompata mdogo wako yalinipata na mimi karibu kwa kila hatua. Unasema ana miaka 24, ana grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu kwa asiye raia, na usiku wa Jumamosi alisimamishwa na polisi huko Texas kwa kubadilisha njia bila kuwasha indiketa. Polisi walipekua gari, wakakuta mabaki ya unga mweupe karibu na gia, wakayatia kwenye kimfuko cha plastiki chenye dawa ndani yake, dawa ikageuka rangi ya bluu, naye akafungwa pingu kwa kosa la kupatikana na kokeini. Sasa wakili aliyepewa na mahakama anamwambia kwamba Alhamisi akikiri kosa atarudi nyumbani siku hiyohiyo, bila kuhesabiwa kuwa na hatia, mradi akae chini ya uangalizi kwa miaka miwili. Unauliza mambo mawili: je, sheria inawaruhusu polisi kumkamata mtu kwa kipimo cha namna hiyo, na je, akubali kukiri?

Nianze na la pili kwa sababu ndilo lenye haraka. Asikiri kabla majibu ya maabara hayajatoka, na kabla mwanasheria anayejua sheria za uhamiaji hajaisoma karatasi anayotakiwa kutia saini. Mimi si mwanasheria. Ni dereva wa lori, nimeishi Texas miaka mingi, na haya nimeyajua kwa kuyapitia na kisha kwa kuyasoma muda mrefu baada ya kuyapitia, kwa sababu sikutaka yanikute tena nikiwa sijui. Kwa hiyo yachukue kama maneno ya kaka, kisha uyapeleke kwa mwanasheria ayapime.

Mwezi Machi 2014 nilikuwa narudi nyumbani kutoka kazini, nje kidogo ya Houston. Anayeishi huku anajua Machi ni mwezi wa chavua ya mialoni, magari yote yanafunikwa na vumbi la manjano, na sisi wenye mzio tunaishi kwa vidonge. Mke wangu alikuwa amenitilia kapsuli kadhaa za dawa ya mzio katika kimfuko kidogo cha plastiki, nami nikakiweka kwenye mfuko wa mlango wa gari. Joto la gari lililoegeshwa juani likazilainisha kapsuli, zikapasuka, ukabaki unga mweupe na vipande vya maganda. Nilisimamishwa kwa taa ya nyuma iliyokuwa imeungua. Polisi akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ningejali akitazama ndani ya gari. Mimi nililelewa kwamba askari akiuliza unajibu ndiyo, na kwamba asiye na kosa hana cha kuficha, kwa hiyo nikasema sawa. Dakika chache baadaye alikuwa ameshika kimfuko chake mbele ya taa za gari lake zilizokuwa zikimweka nyekundu na bluu, akaniambia kipimo kimeonyesha kokeini. Nilimweleza kuhusu mzio. Alinijibu kwamba hayo nitayaeleza mbele ya hakimu.

Nilikaa ndani siku tisa hadi familia ilipopata fedha za dhamana. Kazi niliyokuwa nayo wakati ule, ya ghalani, ilikwisha siku ya nne. Nilipewa ofa ileile aliyopewa mdogo wako, karibu neno kwa neno, na nisingekuwa na mtu wa kunizuia ningetia saini, kwa sababu mtu aliyelala siku tano kwenye chumba chenye taa isiyozimwa hafikirii miaka kumi ijayo, anafikiria watoto wake watakula nini usiku huo. Aliyenizuia ni mama mmoja wa Mombasa ambaye sote huku tunamwita Shangazi, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya mwanasheria wa uhamiaji. Alimpa mke wangu ujumbe mfupi aniletee: nisitie saini kitu chochote hadi maabara iseme ule unga ni nini. Maabara ilichukua miezi minne na nusu. Jibu lilikuwa kwamba hapakuwa na dawa yoyote iliyokatazwa kisheria, na kesi ikafutwa.

Sasa nieleze kile kimfuko ni kitu gani, maana ukikijua utaelewa kwa nini sheria inakiwekea mipaka na kwa nini mipaka hiyo isipodaiwa haimsaidii mtu. Ndani yake mna vichupa vidogo vya vitendanishi, yaani kemikali zinazobadilika rangi zikikutana na kemikali nyingine. Cha kokeini hutumia thaiosianeti ya kobalti, ambayo hugeuka bluu. Tatizo ni kwamba hugeuka bluu vilevile ikikutana na vitu vingine zaidi ya 80, zikiwemo dawa za chunusi, baadhi ya sabuni za kusafishia nyumba, na difenhidramini, ambayo ndiyo dawa iliyokuwa katika kapsuli zangu. Joto kali na baridi kali huvuruga mwendo wa rangi, na macho ya mtu anayetazama bluu hafifu usiku, chini ya taa zinazomweka, nayo yana mipaka yake. Kifaa chenyewe hugharimu kama dola mbili. Hakipimi kiasi, hakitenganishi mchanganyiko, wala hakitoi jina la kitu kilichomo. Kinachofanya ni kusema kwamba huenda dutu hii ni ya jamii fulani, na ndiyo maana huitwa kipimo cha awali. Wizara ya Sheria ya Marekani ilikwisha kusema tangu mwaka 1978 kwamba vipimo hivi visitumike kama ushahidi.

Sisemi haya kwa kuwa yalinipata mimi peke yangu. Florida, mwaka 2015, mzee mmoja alikamatwa kwa kuwa chembe za sukari ya donati zilizodondoka kwenye sakafu ya gari lake zilipimwa zikaonyesha dawa ya kulevya ya methamfetamini. Georgia, mwishoni mwa 2016, mwanamke alikaa jela karibu miezi mitatu kwa sababu ya sukari ya bluu iliyosokotwa kama pamba, ile wanayouziwa watoto kwenye maonyesho. Dhamana yake ilikuwa dola milioni moja. Watafiti wa kituo cha Quattrone katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikadiria mwaka 2024 kwamba watu wapatao 30,000 kila mwaka nchini Marekani hukamatwa kimakosa kwa sababu ya vifaa hivi. Wengi wao hawakuwa na Shangazi.

Kuhusu swali lako la kwanza, jibu la kweli ni kwamba polisi wanaruhusiwa kukitumia kifaa, lakini sheria inakipa kazi ndogo sana kuliko ile ambayo watu waliofungwa pingu hudhani kinayo. Inabidi kulitazama tukio kwa vipande.

Kipande cha kwanza ni kusimamishwa kwenyewe. Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani yanamlinda mtu dhidi ya upekuzi na ukamataji usio na sababu za msingi, na Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2015, katika kesi ya Rodriguez dhidi ya Marekani iliyotoka Nebraska, kwamba polisi aliyemsimamisha dereva kwa kosa la trafiki hawezi kuurefusha muda wa kumzuia zaidi ya unaohitajika kumalizia kosa hilo, isipokuwa kama ana jambo mahususi linalomtia shaka. Kesi ile ilihusu mbwa wa kunusa aliyeletwa baada ya dereva kuwa amekwisha kupewa karatasi ya onyo, na dereva alikuwa amecheleweshwa dakika saba au nane tu. Mimi naona hoja ni ileile kama kilichosubiriwa ni polisi mwenzake alete kimfuko. Muulize mdogo wako: je, alikuwa ameshaandikiwa na kurudishiwa leseni yake kabla upekuzi haujaanza? Alikaa kando ya barabara muda gani? Hilo wakili anapaswa kulijua, na kamera ya gari la polisi italionyesha kwa dakika na sekunde.

Kipande cha pili ni upekuzi. Huku gari halipewi ulinzi sawa na nyumba, na tangu kesi ya Carroll ya mwaka 1925 polisi anaweza kulipekua bila hati ya mahakama endapo ana sababu za kutosha kuamini kwamba ndani mna kitu cha jinai. Harufu ya bangi, kwa mfano, imetumika hivyo kwa miongo mingi, ingawa Texas yenyewe ilihalalisha katani, yaani mmea wa jamii ya bangi usiolevya (si mkonge), mwaka 2019, na kipimo cha rangi cha bangi hakiwezi kutofautisha katani halali na bangi. Lakini pale ambapo polisi hana sababu hizo, kinachompa njia ni ruhusa yako, na ruhusa ukiitoa huwezi kulalamika baadaye kwamba umepekuliwa. Sheria haimlazimishi polisi kukueleza kwamba una haki ya kukataa. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1973. Ni jambo linaloniuma kila ninapolifikiria, kwa sababu sisi tuliokulia Afrika Mashariki swali la askari hatulisikii kama swali. Tunalisikia kama amri iliyovikwa adabu, na “ndiyo” yetu ni heshima, si hiari. Katika karatasi ya polisi heshima hiyo huandikwa kuwa ni ridhaa. Kama mdogo wako alikataa, au alinyamaza, au alijibu kitu kingine kwa Kiingereza kisichoeleweka, wakili alijue hilo leo.

Kipande cha tatu ndicho chenyewe ulichouliza, yaani kule kupima unga. Mwaka 1984, katika kesi ya Marekani dhidi ya Jacobsen, wafanyakazi wa kampuni ya usafirishaji wa vifurushi katika uwanja wa ndege wa Minneapolis walifungua kifurushi kilichoharibika, wakakuta unga mweupe, wakawaita maofisa wa dawa za kulevya, na ofisa mmoja akapima chembe palepale bila hati. Mahakama ya Juu ikasema kupima huko si upekuzi unaolindwa na Katiba, kwa hoja kwamba kipimo kinachoonyesha tu kama unga ni kokeini au si kokeini hakigusi siri yoyote halali ya mtu, kwa kuwa hakuna mwenye haki ya kuficha kokeini. Hadi leo hii ndiyo kesi inayowapa polisi ruhusa ya kupima bila kurudi kwa hakimu kwanza.

Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi, na naomba niseme ninavyoiona. Hoja yake yote imesimama juu ya dhana kwamba kipimo kinajibu swali moja tu, na kinalijibu kwa usahihi: ni kokeini au si kokeini. Kifaa kinachogeuka bluu kwa dawa ya mzio hakijibu swali hilo. Kinajibu swali jingine kabisa, kwamba kitu hiki ni kimojawapo kati ya vitu zaidi ya themanini, ambavyo vingi vyake ni halali na vingine ni dawa za ugonjwa ambao mtu ana haki ya kutoutangaza barabarani. Siwezi kukudanganya kwamba mahakama imekubali hoja hiyo, na simshauri wakili wa mdogo wako aipoteze Alhamisi kwa kuipigania. Lakini ni vizuri ujue kwamba ruhusa waliyo nayo polisi ni ruhusa ya kupima, na hukumu ile haikusema popote kwamba rangi ya bluu inatosha kumfunga mtu.

Baada ya bluu, polisi husema anazo sababu za kutosha za kukamata, na mahakama nyingi humkubalia. Hapo ndipo nguvu ya kifaa inapoishia, au inapopaswa kuishia. Kuanzia hapo mtu aliyekamatwa bila hati lazima hakimu azitazame sababu za kukamatwa kwake ndani ya saa 48. Hilo limekaziwa na Mahakama ya Juu katika kesi ya kaunti ya Riverside ya mwaka 1991, na Texas ina kifungu chake kinachotaka aliyekamatwa kwa kosa kubwa aachiwe kwa dhamana ndogo kama saa hizo zimepita bila hakimu kuamua. Kuna kifungu kingine cha Texas ambacho kwangu kilikuwa na maana kubwa kwa jinsi maabara zinavyochelewa: mtu aliyeko mahabusu kwa kosa kubwa, upande wa mashtaka usipokuwa tayari kwa kesi ndani ya siku 90, lazima aachiwe kwa ahadi yake mwenyewe au kwa dhamana iliyopunguzwa. Kwa hiyo si kweli kwamba mdogo wako ana njia mbili tu, kukiri Alhamisi au kuozea ndani hadi maabara ijibu. Njia ya kwanza ya kudaiwa ni kupunguziwa dhamana, na wakili anaweza kuiomba mara moja.

Kesi ikifika kusikilizwa, kimfuko hakina kazi tena. Mwendesha mashtaka anapaswa kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana kwamba kilichokamatwa ni dawa iliyotajwa katika sheria, na hilo hufanywa na mkemia wa maabara kwa mitambo inayotambua dutu kwa umbo la molekuli zake. Tangu kesi ya Melendez-Diaz ya mwaka 2009 karatasi ya mkemia peke yake haitoshi. Mshtakiwa ana haki ya kumtaka mkemia aje akae kizimbani aulizwe maswali. Kwetu Tanzania tumezoea kusikia kwamba kesi ya dawa za kulevya inasubiri ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mantiki ni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba huku kesi chache mno hufika hapo. Mahakama ya Juu yenyewe ilitaja mwaka 2012 kwamba asilimia 94 ya watu wanaotiwa hatiani katika mahakama za majimbo hutiwa hatiani kwa kukiri. Mtu akikiri hakuna anayelazimika kuufungua mfuko wa ushahidi. Rangi iliyokuwa ya kumpa polisi shaka tu inageuka kuwa hukumu, na iliyoigeuza ni saini ya mshtakiwa mwenyewe.

Houston ni mfano ulio hai wa jambo hili. Katika kaunti ya Harris, ambamo Houston imo, watu wengi walikiri siku chache baada ya kukamatwa, wakafungwa, wakatoka, wakaendelea na maisha yaliyokwisha kuharibika. Kisha maabara, ikipunguza mlundikano wake, ikapima vielelezo vyao miezi au miaka baadaye na kukuta hakuna dawa yoyote ya kulevya. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Jinai ya Texas, katika kesi iitwayo Ex parte Mable, ilisema mtu aliyekiri kumiliki dawa bila kujua kwamba maabara ingekuta hakuna dawa, hakukiri kwa hiari ya kweli, na hukumu yake ikaondolewa. Baada ya hapo makumi ya hukumu za namna hiyo zilifutwa. Mwaka 2015 ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti hiyo ikaacha kupokea ukiri wa makosa haya kabla ya ripoti ya maabara, na Julai 2017 polisi wa Houston wakaacha kabisa kutumia vifaa hivi barabarani. Sababu waliyoitoa ya kuacha ilikuwa usalama wa polisi wenyewe wasiguse fentanili, dawa ya kulevya kali mno, si makosa ya kipimo, nami nalitaja hilo kwa sababu wapo watakaokuambia kwamba vifaa vilikwisha kupigwa marufuku Texas. Havikupigwa marufuku. Kila mji na kila kaunti ina utaratibu wake, na mdogo wako, kama mimi, alikamatwa nje ya mipaka ya Houston.

Sasa nije kwenye ile ofa, kwa sababu hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na ndipo wakili mwema kabisa anaweza kukosea ikiwa wateja wake wote ni raia wa Marekani. Chini ya gramu moja ya kokeini Texas ni kosa la jela ya jimbo, daraja la chini la makosa makubwa, siku 180 hadi miaka miwili, na faini hadi dola 10,000. Mbele ya hiyo, kuahirishwa kwa hukumu kunaonekana kama zawadi: unakiri, hakimu hatamki kwamba una hatia, unaripoti kila mwezi, unalipa ada, na muda ukiisha bila kosa shauri linafungwa. Kwa raia wa Marekani zawadi hiyo inaweza kuwa ya kweli. Kwa mwenye grini kadi si hivyo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina maana yake yenyewe ya neno hatia, iliyowekwa mwaka 1996: mtu akikiri, na hakimu akampa adhabu au kizuizi cha aina yoyote juu ya uhuru wake, basi huyo ametiwa hatiani machoni pa uhamiaji, hata kama mahakama ya Texas inasema hakutiwa. Na hatia yoyote ya dawa za kulevya humfanya asiye raia astahili kuondolewa nchini, isipokuwa kosa moja tu la kuwa na gramu 30 au pungufu za bangi kwa matumizi yake mwenyewe. Kokeini haimo katika msamaha huo, hata ikiwa ni chembe isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo karatasi inayomrudisha mdogo wako nyumbani Alhamisi jioni inaweza kuwa ndiyo itakayompandisha ndege baada ya miaka mitano, siku atakaporudi kutoka kuzika babu yenu na ofisa wa uwanja wa ndege akafungua jina lake kwenye kompyuta.

Hili nalo lina kinga yake kisheria. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kikatiba kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kutamletea hatari ya kufukuzwa nchini. Padilla alikuwa mzaliwa wa Honduras, ameishi Marekani zaidi ya miaka 40, amepigana vita ya Vietnam, na kazi yake ilikuwa dereva wa lori. Wakili wake alimwambia asijali, kwa kuwa ameshakaa muda mrefu. Hakimu wa Texas naye anatakiwa na sheria ya jimbo kumwonya mshtakiwa kabla ya kupokea ukiri wake kwamba kama si raia anaweza kuondolewa. Lakini onyo hilo husomwa haraka pamoja na mengine mengi, kwa Kiingereza cha mahakamani, na mtu hujibu “ndiyo, mheshimiwa” kwa yote. Mdogo wako akihitaji mkalimani wa Kiswahili, aombe. Asione haya, na asidhani Kiingereza cha kazini kinatosha kwa karatasi hizo.

Haya ndiyo ningefanya kabla ya Alhamisi kama angekuwa mdogo wangu. Ningempigia wakili kesho asubuhi na kumwambia mambo mawili kwa maneno machache: kwamba mteja wake ana grini kadi, maana mara nyingi hawajui na hawajauliza, na kwamba mteja hatakiri chochote kabla ya ripoti ya maabara. Ningemwomba ahakikishe kielelezo kimepelekwa maabara kweli, kwa sababu katika kaunti nyingine hakipelekwi mpaka mtu akatae kukiri. Tangu Januari 2014 Texas ina sheria iitwayo ya Michael Morton, inayoulazimisha upande wa mashtaka kumpa wakili wa utetezi ushahidi wote akiuomba. Basi aombe video ya kamera ya gari na ya kifuani, picha ya kimfuko kama ipo, na jina la kifaa kilichotumika, maana vingi vimeandikwa na watengenezaji wenyewe kwamba matokeo lazima yathibitishwe maabara. Ningeuliza kilichokuwa ndani ya gari ni nini hasa: dawa, unga wa mtoto, sukari, vumbi la chaki, au gari lilikuwa la mtu mwingine. Lakini swali hilo aulizwe na wakili uso kwa uso. Msilizungumze kwenye simu ya jela, kwa sababu simu hizo hurekodiwa. Na kama kilikuwa ni kokeini kweli, bado mwanasheria wa uhamiaji lazima aione ofa kwanza, kwa kuwa zipo njia za kumaliza shauri bila kukiri mahakamani, na tofauti kati ya njia moja na nyingine kwa mgeni ni tofauti ya kubaki au kuondoka.

Kuna mtu mwingine aliyekujibu akitaja vipimo vya pumzi na damu. Hivyo ni vitu vingine, vinapima mwili wa mtu anayedhaniwa kuendesha akiwa amelewa. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Birchfield kwamba mtu aliyekamatwa kwa ulevi barabarani anaweza kupimwa pumzi bila hati lakini damu kwa kawaida inahitaji hati, na Texas humnyima leseni kwa siku 180 mtu anayekataa kwa mara ya kwanza. Mdogo wako hakushtakiwa kwa hilo, basi msichanganye.

Kesi ikifutwa, kazi haijaisha. Mimi niliomba kumbukumbu za kukamatwa zifutwe, Texas inaruhusu hivyo kwa shauri lililofutwa, ila kabla ya kufutwa nilichukua nakala zilizogongwa muhuri wa mahakama, na nazihifadhi hadi leo. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, na kufutiwa kumbukumbu hakukuondolei wajibu wa kujibu ndiyo. Nilipofika kwenye usaili wangu nilijibu ndiyo, nikatoa ripoti ya maabara na amri ya kufuta kesi. Ofisa akazisoma zote mbili kimya, akauliza kapsuli zilikuwa za nini, nikamwambia za mzio, akaendelea na swali lililofuata.

Nina safari ya San Antonio usiku huu na nitarudi kesho kabla ya saa kumi alasiri. Niandikie faraghani jina la kaunti, nami nitamuuliza Shangazi ni nani anayefanya kazi za uhamiaji upande huo na anayeweza kuongea na wakili wenu kabla ya Alhamisi.